Kombe la Mteremko

Kitendawili! Sogea kwanza, iweke hiyo simu chini, mkeka ni mpana. Haya, kitendawili!

Nilipewa kabla sijajua kusema. Sikiweki mfukoni wala sikibebi kichwani. Siku nikiondoka nakiacha, na wewe ukikiita, unalia wewe.

Fikiri. Ukisema kivuli umekosa, maana kivuli huondoka na mwenyewe. Ukisema nguo umekosa zaidi, nani amewahi kuita nguo? Ukishindwa, desturi unaijua: unanipa mji, naupokea, naukalia kama sultani, ndipo nakupa jibu. Lakini mji wako usitoe bado. Kitendawili hiki ni cha mtoto mmoja aliyeitwa Chiku. Alimtegea baba yake alasiri ya Jumatano, na baba yake akakaa nacho kifuani siku tisa, mji hakutoa. Sikia kwanza habari zao.

Baba yake, Fundi Ngwali, alikuwa mpaka rangi katika nchi ambayo kwenye ramani yako haimo, usijisumbue kuitafuta. Ilikuwa na mikoa kumi na mbili, na serikali iliyowapenda watu wake mno, hata ikawa haipendi kabisa kusikia wameumwa.

Sasa katika nchi ile kiliingia kidingapopo, ile homa ambayo madaktari huiita dengue. Humshika mtu mifupa ikamuuma kana kwamba imetwangwa kinuni, na macho yakamuuma kwa nyuma. Huletwa na mbu mdogo mwenye miguu ya madoa meupe, anayezaliwa kwenye maji yaliyotuama na kuuma mchana kweupe, watu wakiwa kazini. Serikali haikulala. Iligawa vyandarua nchi nzima na kuwaamuru watu waingie ndani yake usiku, saa ambayo mbu yule naye amelala. Watu walishukuru. Vilikuwa vyandarua vizuri, vya rangi ya samawati.

Kisha serikali ikataka kujua ugonjwa unaelekea wapi. Mbele ya ofisi ya kila Mkuu wa Mkoa ukajengwa ukuta mweupe, na kila Ijumaa ukutani ukachorwa mstari mwekundu wa watu waliokufa wiki ile. Mstari ukipanda, mkoa unaumwa. Ukishuka, mkoa unapona. Watu wa Wizara walizunguka na gari wakipiga picha kuta, na kwa picha hizo waligawa dripu, zile chupa za maji yanayopitishwa kwenye mshipa. Mstari mrefu, dripu nyingi. Mstari mfupi, dripu chache. Na mkoa ambao mstari wake umeteremka kuliko yote mwaka mzima, huo haukuhitaji dripu tena. Huo ulipewa kombe.

Ungedhani wakuu wa mikoa wangegombania dripu. Akili zako ndogo! Dripu huingia kwenye mshipa wa mtu usiyemjua, ikaishia humo. Kombe unapiga nalo picha.

Mkuu wa Mkoa wa Bondeni, Mheshimiwa Mafumba, alianza vibaya. Fundi wake wa kwanza alikuwa mtu mrefu mwenye ngazi ndefu, na watu walipokufa yeye alipanda tu, bila hata kuuliza. Mheshimiwa akamfukuza kwa uchochezi. Ngazi zote za ofisi zikafungiwa stoo kwa ajili ya usalama wa taifa, na likabandikwa tangazo: "Anahitajika fundi rangi. Awe mfupi. Asiwe na ngazi, wala asiwe na rafiki au jirani mwenye ngazi."

Walijitokeza wafupi sita. Wakapangwa ukutani, wakaambiwa wanyooshe mikono juu. Wa Ngwali ukaishia kwenye alama ya kumi na mbili, chini ya wenzake wote, na Mheshimiwa Mafumba akamkumbatia mbele ya watu.

"Huyu ndiye," alisema. "Huyu ameumbwa kwa ajili ya afya ya jamii."

Tangu siku hiyo Bondeni hawakufa tena watu zaidi ya kumi na wawili kwa wiki. Mkono haukufika.

Utauliza, na waliozidi? Hapo sasa. Kila robo mwaka wakuu wa mikoa walikutana kujadili mwelekeo. Mwenyekiti akimuuliza mmoja wao, "Mheshimiwa, kwako wamekufa wangapi?" na yeye akaona jibu linamkaba, alifanya vile vile mnavyofanya nyinyi watoto mkishindwa kitendawili. Alitoa mji. "Hao walifia mkoa wa jirani," alisema. Jirani naye akatoa mji wa jirani yake, na marehemu wakazungushwa meza nzima mpaka chai ikapoa. Siku moja wawili wakakunjana mashati kwa ajili ya maiti arobaini ambazo kila mmoja alimtunuku mwenzake.

Serikali, kwa busara yake, ikamaliza ugomvi. Ikaunda mkoa wa kumi na tatu, Mkoa wa Kwingineko, huko kwenye uwanda wa chumvi ambako hata kunguru hatui. Ukapewa bendera, ukapewa Mkuu wa Mkoa, ukapewa na ukuta mrefu kuliko kuta zote. Watu haukuwa nao. Ulikuwa na marehemu tu, na hao walikuja wengi, kutoka kila upande, bila mizigo. Mstari wake ulipanda kama moshi. Na kwa kuwa dripu zilifuata mstari, makatoni ya dripu yalipelekwa Kwingineko kwa malori, yakapangwa juani, yakamsubiri mgonjwa.

Ngwali hakuyafikiria sana hayo. Alikuwa na kazi, na kabla ya hapo hakuwa nayo. Kila Ijumaa Bwana Shaweji, Afisa Mwelekeo wa Mkoa, mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni, alimpa kikaratasi chenye tarakimu. Ngwali alichovya brashi, akachora. Siku nyingine alipaka chokaa na kukwangua ukungu, kazi isiyokwisha kwa ukuta mweupe.

Chiku alikuwa na miaka tisa, mtoto wake wa pekee. Kila mchana akitoka shule alimletea baba yake chakula, akakaa kwenye kivuli cha Kombe la Mteremko.

Kombe hilo Bondeni walilishinda mwaka uliotangulia. Lilifuliwa kwa bati nene, kimo chake kama kiuno cha mtu mzima, mdomo wake mpana kama sufuria ya pilau ya harusi. Lilikuwa kubwa mno kupita mlangoni, basi likawekwa uani, mbele ya ukuta, na askari wa kulilinda asije mtu akaligusa. Mvua ziliponyesha lilijaa. Hakuna aliyethubutu kulimwaga, maana maji yaliyomo ndani ya mali ya serikali ni ya serikali. Chiku alipenda kuchungulia vidudu vilivyokuwa vikijipindapinda humo.

"Baba, vinacheza ngoma."

"Toka hapo, usilipumulie kombe. Njoo ule na mimi. Haya, leo una nini?"

"Kitendawili!"

"Tega."

"Askari wangu anawaonyesha watu njia, mwenyewe hajawahi kwenda."

Ngwali alitafuna, akatazama juu, akajikuna kichwa kwa mpini wa brashi. "Jogoo."

"Jogoo anaonyesha njia?"

"Jogoo wa kwetu alikuwa anaonyesha."

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua Bondeni."

"Bondeni ulinipa jana! Unanipa mji mmoja mara mbili, unanidhulumu mtoto wa watu."

"Basi chukua Kwingineko."

Chiku akabetua mdomo. "Kwingineko hakuna watu. Nitamtawala nani? Siutaki. Jibu ni kibao cha barabarani, nakupa bure, lakini siku nyingine ulete mji wa kweli."

Ngwali alicheka mpaka akapaliwa. Mtoto akajipiga kofi shingoni, kisha kwenye muundi.

"Baba, mbu wako wanauma."

"Hao ni mbu wa serikali," alisema Ngwali, akiendelea kucheka. "Mtoto wa mtumishi hawamdhuru."

Neno hilo alilitamka yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwa ameshiba.

Ijumaa moja kikaratasi kilisema nne. Ngwali aliona njiani majeneza mawili asubuhi hiyo peke yake, na Alhamisi aliona matatu. Alikigeuza kikaratasi, huenda kulikuwa na nyingine kwa nyuma.

"Bwana Afisa, ni nne kweli?"

"Ni nne za kitaalamu," alisema Bwana Shaweji. "Wengine wamehamishwa. Tumebakiza wiki mbili tu, Fundi. Tukishuka mpaka sifuri, kombe la pili letu."

Ngwali akachora nne. Mstari ulianguka vizuri, umenyooka, na akatumia kitambaa kufuta tone lililotaka kuchuruzika. Alijivunia mkono wake.

Jumamosi Chiku aliamka hawezi kugeuza macho. Jumatatu mama yake, Bi Zuwena, alimbeba mgongoni mpaka zahanati, miguu ya mtoto ikining'inia, maana alikuwa amekua. Pale kulikuwa na wagonjwa wawili wawili kitandani na wengine sakafuni kwenye kanga. Nesi alikuwa mmoja, jina lake Tunu, mwanamke mwembamba ambaye viatu vyake vilikuwa vimechanika kwa mbele kwa kukimbia.

"Mnyweshe maji," alimwambia Bi Zuwena. "Maji, uji mwepesi, madafu ukiyapata. Kidogo kidogo, usiache. Na mkiona homa inashuka, niiteni upesi."

Bi Zuwena hilo la mwisho hakulishika. Nani anaitwa homa ikishuka?

Jumatano asubuhi homa ilishuka. Paji la uso la Chiku, lililokuwa likichoma kama chungu, likawa baridi. Bi Zuwena alipiga kigelegele wodini, na wanawake wengine, pamoja na shida zao, wakamwitikia. Bwana Shaweji alikuwa akipita na daftari lake. Alisimama, akauliza jina, akaandika "Amepona", akatabasamu.

"Unaona, Mama? Inashuka. Kila kitu Bondeni kinashuka."

Alasiri Ngwali alikuja na dafu na machungwa mawili, nguo zake zina madoa mekundu. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Chiku alikuwa macho, ila amekuwa mdogo, kama amekunjwa.

"Chiku. Wamesema umepona."

"Tumbo linaniuma, baba."

"Ni njaa hiyo. Siku ngapi hujala?"

Mtoto akasema polepole, "Kitendawili."

"Tega, mama yangu. Tega."

Akatega hicho nilichokutegea. Nilipewa kabla sijajua kusema. Sikiweki mfukoni wala sikibebi kichwani. Siku nikiondoka nakiacha, na wewe ukikiita, unalia wewe.

"Kivuli," alisema Ngwali.

"Siyo."

"Meno."

"Utayaita meno wewe?" Alicheka kidogo, na Ngwali akaona damu kwenye fizi zake. "Umeshindwa. Nipe mji. Mji wa kweli."

"Sijashindwa. Leo mji sitoi."

"Baba, nipe tu."

"Sitoi, Chiku. Kila siku nakupa miji, leo nitajibu mwenyewe. Nipe mpaka kesho."

Akamshika mkono. Ulikuwa baridi kama samaki. Hapo ndipo Nesi Tunu alipopita na karai, akatazama mara moja, akaliweka karai chini.

"Homa imeshuka saa ngapi?"

"Tangu asubuhi," alisema Bi Zuwena, bado anatabasamu. "Tumeshangilia, mwenzangu."

Nesi Tunu alibonyeza tumbo la mtoto, akatazama kucha zake, akahesabu mapigo ya moyo midomo ikimchezacheza. Akamvuta Ngwali mpaka mlangoni.

"Fundi, ugonjwa huu ndivyo ulivyo. Homa ikipanda unauguza. Ikishuka ndiyo unaogopa. Maji yanamtoka kwenye damu sasa hivi, yanavujia tumboni. Anataka dripu, na anaitaka kabla jua halijazama."

"Mwekee basi."

"Sina."

"Zahanati nzima?"

"Dripu zinaletwa kufuata ukuta wako." Nesi hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka mno kuwa mkali. "Ijumaa ulitupa ngapi?"

Ngwali alitazama mikono yake.

"Nne," alisema.

"Tukaletewa nne. Ziliisha Jumamosi, kabla ya saa nne asubuhi."

Ngwali alikimbia. Watu wa Bondeni walisema baadaye kwamba hawakujua mtu mfupi anaweza kukimbia vile. Alimkuta Bwana Shaweji anafunga ofisi.

"Bwana Afisa, nipe ngazi. Nipe ngazi nipandishe mstari. Nitachora ishirini, nitachora mia, piga simu Wizara waje wapige picha, walete dripu."

"Kaa chini, Fundi. Vuta pumzi. Leo siku gani?"

"Jumatano."

"Mstari huchorwa lini?"

"Mwanangu anakufa!"

"Huchorwa Ijumaa," alisema Bwana Shaweji kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Halafu mwanao amepona, nimemwandika mwenyewe asubuhi. Sasa nikiandika tena anaumwa, mwelekeo utakuwa umerudi nyuma. Utasomekaje?"

"Makatoni yapo Kwingineko. Yanakaa juani. Mnajua yako kule!"

"Yapo kule kwa sababu kule ndiko wanakokufa watu."

Ngwali alirudi mikono mitupu. Walimnywesha Chiku dafu kwa kijiko, baba kijiko kimoja, mama kijiko kimoja, na nusu ilirudi. Alhamisi jua lilipokuwa linachomoza aliomba afunguliwe dirisha. Bi Zuwena akasimama kulifungua. Alipogeuka, mumewe alikuwa amekishika kijiko, na hakukuwa tena na wa kumlisha.

Walimzika siku ile ile nyuma ya shule. Ijumaa ukuta haukuchorwa, fundi alikuwa msibani, na Bwana Shaweji akatoa tangazo kwamba wiki ambayo haikuchorwa haikuwa na ugonjwa.

Jumapili alifika matangani, amevaa tai nyeusi, ameshika bahasha. Akala ubwabwa, akasifu chumvi yake, akatoa fomu.

"Poleni sana. Serikali inaomboleza pamoja nanyi. Kuna kasaini kadogo tu hapa. Ni Fomu ya Makazi ya Mwisho."

Bi Zuwena aliichukua. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, akaisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno. "Marehemu. Jinsia, mke. Idadi, moja. Mkoa aliofia..." Akasimama hapo. "Kwingineko?"

"Ni lugha ya kitaalamu, Mama."

"Kwingineko wapi?" Bi Zuwena hakupaza sauti. "Mimi nimemwosha kwa mikono hii. Nimemsuka nywele akiwa amelala, upande mmoja ukakataa kushika. Kaburi lake ukisimama hapo mlangoni unaliona. Nani amempeleka Kwingineko?"

"Hajaenda mwili, Mama, imeenda idadi. Hata jina lake haliendi, jina halina kazi kwenye mwelekeo. Ni moja tu. Mheshimiwa ametoa Kwingineko kwa wote wa mwezi huu, tushuke mpaka sifuri."

Ngwali alikuwa ameinamia magoti yake. Akainua uso.

"Nani ametoa mji?"

"Samahani?"

"Nauliza nani ametoa mji. Mtoto alinitegea mimi. Mimi nilikataa kutoa. Bado sijashindwa, na kesho aliyonipa haijaisha. Huyo Mheshimiwa anatoaje mji kwa kitendawili kisicho chake?"

Bwana Shaweji alitazama huku na huku, akaikunja fomu. "Huzuni imemzidi," alimnong'oneza jirani, akanawa mikono, akaondoka. Saini akaitia mwenyewe njiani.

Zile siku Ngwali alikuwa akizunguka uani kwake anasema peke yake. "Nilipewa kabla sijajua kusema." Alitaja kitovu, alitaja maziwa, alitaja sauti. Bi Zuwena alimsikiliza kutoka jikoni. Hakumuuliza, maana naye kuna jambo alikuwa akilifanya: kila mchana saa ile ya kutoka shule aliita mlangoni, "Chiku! Chukua chakula cha baba yako!" Mdomo ulimtangulia tu, kwa mazoea. Kisha alikaa chini pale pale kizingitini, akalia mpaka chakula kikapoa.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa siku ya kombe. Uani mwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa walijaa watu, wamepangwa kwa mistari, wamepewa vibendera. Waziri alishuka na msafara wa magari kumi na moja, na la mwisho lilibeba kombe jipya, kubwa kuliko la kwanza. Mheshimiwa Mafumba alikuwa amevaa suti mpya na shada la maua. Kila aliyekuwa ameketi kwenye viti vya mbele alikuwa akijipiga makofi miguuni, na wapiga picha walidhani wanashangilia.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Waziri. "Mwaka jana nilikuja hapa, mkawa mmeteremka. Leo nimekuja tena, naona mmeteremka zaidi! Nami nawaahidi, chini ya uongozi huu mtaendelea kuteremka!"

Makofi.

"Nawapongeza waliougua kwa uvumilivu wao. Na kwa namna ya pekee nawashukuru marehemu, ambao bila posho wala malalamiko wamekubali kuhamia Kwingineko, ili Bondeni isonge mbele!"

Makofi tena, ila ya viti vya mbele tu. Kwenye mistari ya nyuma watu walishika vibendera vyao, wakavitazama.

"Na sasa fundi wetu atatuchorea sifuri!"

Ngwali alitoka na kopo la rangi nyekundu. Alikuwa na siku tisa hajanyoa. Alitembea mpaka ukutani, akatazama mahali mstari ulipoishia, kwenye ile nne yake iliyonyooka. Kisha akauacha ukuta, akaliendea Kombe la Mteremko la mwaka jana.

Alichungulia ndani. Vidudu vilikuwa bado vinacheza ngoma.

"Usiguse!" alisema askari. Ila alisema taratibu, na hakusogea. Askari yule naye alikuwa amezika mke mwezi uliopita, na mkewe naye alikuwa Kwingineko.

Ngwali alitia bega. Kombe liliyumba, likaenda, likapinduka kwa kishindo. Maji meusi yakasambaa mpaka viatuni kwa Mheshimiwa Mafumba, na wingu dogo la mbu likainuka na kutawanyika hewani juu ya viti vya mbele. Akalisukuma mpaka likakaa ukutani kichwa chini. Akalipanda. Tako la kombe lilikuwa pana, linatosha miguu miwili ya mtu mfupi.

Akanyoosha mkono. Akapita nne. Akapita kumi na mbili, mahali brashi yake ilipokuwa haijawahi kufika, ambako ukuta ulikuwa mweupe tangu ulipojengwa. Pale akaanza kuandika, herufi moja moja, kubwa, kwa mkono uliozoea kunyoosha mistari, na rangi ilipochuruzika safari hii hakuifuta. C. Akachovya. H. Akachovya.

Alipomaliza herufi ya tano, mwanamke mmoja wa mistari ya nyuma, aliyekuwa na mtoto mgongoni, akasema, "Fundi. Mwandike na Athumani wangu." Na mzee mmoja, kwa sauti nyembamba, "Na Mwanakombo." Na askari, bila kugeuka, macho mbele kama kanuni zinavyotaka, "Na Fatuma Saidi, Fundi. Nafasi ikibaki."

Waziri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akapekua taarifa yake ukurasa kwa ukurasa, na Bwana Shaweji akimsaidia kupekua. Kisha akainua uso kwa yule mtu mfupi aliyesimama juu ya kombe.

"Wewe! Hicho ulichoweka huko juu ni kitu gani? Tarakimu hiyo mimi siioni humu!"

Ngwali hakugeuka upande wa Waziri. Alitazama upande wa shule, palipo udongo mpya, na rangi ya brashi ikimdondokea begani akapaza sauti ili afikie mpaka kule.

"Ni jina, mwanangu. Jibu ni jina. Mji sitoi."